Kirusi Mpole

Wilf Teague amefika na boksi la barafu saa mbili kasoro robo,
buti zake zimebeba nusu ya Msitu wa Dean
na kuimwaga kwenye sakafu niliyoipiga deki jana.
"Jike," asema. "Barabara ya Cinderford.
Alikuwa anachechemea kabla ya lori."

Kuchechemea ndiko kulikomleta kwangu.
Angekutwa na damu puani, masikio yamegeuka zambarau,
tungejua la kufanya: simu, uzio, moto, chokaa.
Homa kali ina uungwana wake wa kinyama,
hubisha hodi kwa teke,
humaliza zizi kwa juma moja,
kisha nayo hufa, imekosa pa kulala.

Ila yule mwingine,
niliyeonyeshwa kwa picha katika darasa lisilo na dirisha,
aliyepungukiwa makali njiani,
akadondosha jeni hapa, jeni pale,
kama msafiri atupaye mizigo ili apenye mlangoni,
yule haui. Huvimbisha goti.
Hutia joto la siku mbili, likapoa,
mnyama akala, akafukua mizizi, akazaa,
akawapaka wenzake pua kwa pua
wiki baada ya wiki,
wala hakuna tai angani wa kutuambia.

Mama hunipigia kutoka Pangani saa ya chakula.
"Leo umepima damu ya nani, Mwanakombo?"
"Ya mgonjwa."
"Ana jina?"
"Ana namba."
Kimya. Anajua. Nami najua kuwa anajua.
Glovu mbili, nilishamwambia, na sabuni hadi kiwikoni.
Huuliza tu kama nimekula.

Sijamwambia kwamba kirusi huyu ni wa kwetu,
kwamba ngiri na papasi walishaelewana zamani shimoni,
mmoja ananyonya, mwenziwe hajali,
naye katikati kama mtoto wa ndoa ya makubaliano.
Ugenini ndiko alikojifunza kuua.
Na huko huko ugenini, taratibu, anajifunza upole,
nasi tunakunja nyuso:
upole huu ni kwa faida ya nani?

(Mimi nami nimelegeza lafudhi.
Dukani hawaniulizi tena nimetoka wapi.)

Kuna jengo, mbali na hapa, lenye milango mitatu,
unaoga ukiingia, unaoga ukitoka,
humo wanamng'oa meno makusudi, wakitafuta chanjo.
Wakishamng'oa wanamrudisha kwa nguruwe wa kwanza,
wa pili, wa tatu, wa nne,
na kumchungulia kinywani wa tano:
je, yameanza kuota?

Mashine yangu inazunguka mara arobaini.
Nautazama mstari. Ulale.
Umelala.

Haitoshi. Mpole aweza kuwa ameshatoka damuni
akaacha kingamwili,
kama harufu ya mgeni kwenye mto.
Naandaa sahani, visima tisini na sita,
natia tone, naosha, natia, naosha,
nakaa na chai inayopoa
nikitazama kisima cha jike yule
na vile viwili vya pembeni vinavyojua jibu.
Cha kwanza kinageuka njano, kama kilivyoagizwa.
Chake kimebaki cheupe.
Nasubiri dakika tano ambazo kitabu hakikuniomba.
Cheupe.

Wilf, kwenye simu, ananipa la kwake:
wamechana mguu, wamekuta waya wa uzio
umezama hadi mfupani, wa miaka.
Anacheka. Nami nacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Jioni, kwenye maegesho ya watalii chini ya mialoni,
ubao unasema wanyama wasilishwe.
Chini ya ubao, nusu ya mkate wa soseji.
Naugeuza mfuko, nauokota, nafunga fundo,
nafunga la pili.
Sijui nyama hii imetoka wapi.
Ndiyo maana.